Vichupa Vitatu Kutoka Omate

Siku yangu ya kwanza katika labo, yaani maabara, ya hospitali ya Masisi nilipewa ufagio na katazo moja. Shefu wa Labo, mwanaume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha meza tatu, friji, darubini na mashine ndogo iliyokuwa ikinguruma pembeni, akasema: "Unafagia chini. Vilivyo juu ya meza haviko vyako."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Kabla ya hapo nilikuwa nimechunga ng'ombe Nyamitaba, nimechimba kasiteriti, mawe ya bati, Omate, nimebeba mbao, nimetembeza chumvi vijijini, na hakuna kazi niliyokuwa nimeikalia zaidi ya misimu mitatu. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa sababu ya uvivu, ila miguu yangu haikuweza kutulia chini ya benchi. Siku hiyo ya kwanza saa sita ya mchana ilikuwa haijafika nami nilikuwa nimeshauliza kwa nini damu ya kichupa chenye kifuniko chekundu inaachwa igande, na ile ya kifuniko cha zambarau inatikiswa isigande.

Shefu wa Labo alivua miwani. "Papa, wewe ulikuja kufagia ao ulikuja kufanya egzame kama mwanafunzi?"

"Nilikuja kufagia, Shefu. Lakini macho iko wazi."

Akacheka, akanijibu. Damu ikishaganda na kuzungushwa katika ile mashine, alisema, chembe nyekundu zinashuka chini na juu yake yanabaki maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Maji hayo yanaitwa seramu, na humo ndimo homoni zinamosafiri. Nilimwuliza homoni ni nini. Akasema ni ujumbe ambao kiungo kimoja cha mwili kinakitumia kingine kwa njia ya damu. Jibu hilo lilinibakiza katika hospitali ile miaka zaidi ya ishirini, mimi ambaye mama yangu alikuwa akisema sitazeeka mahali pamoja.

Niwaeleze ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa jinsi ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza nilifagia. Wa pili nikaosha vioo na kuchemsha sindano za chuma. Kisha Shefu wa Labo akanifundisha kuandika majina juu ya vichupa, kwa sababu mwandiko wangu, ingawa ni wa darasa la tano, ulisomeka kuliko wake. Kanuni yake ilikuwa moja na aliirudia kila asubuhi. Usimtajie mgonjwa jina lake. Mwache alitaje mwenyewe, pamoja na kijiji chake na jina la mama yake, ndipo uandike, na uandike kabla damu haijatoka. Ukimwita "Bahati!" barazani, wanasimama watatu, na mmoja wao hasikii vizuri. Kichupa kisicho na jina, alisema, ni takataka. Na kichupa chenye jina la mtu mwingine ni hatari kuliko takataka.

Baadaye nilitumwa Kashuga kwa muda, kwenye kambi za waliokimbia makwao, nikawa napima malaria chini ya turubai. Nilipotoka huko nilipewa pikipiki na kisanduku cha barafu, nikawa mbebaji wa sampuli. Vipimo vikubwa havikufanyika kwetu. Vilifanyika katika labo moja ya Goma, na kazi yangu ilikuwa kukusanya seramu kutoka vituo vya afya vya Masisi na Walikale na kuifikisha ikiwa bado ya baridi. Njia ya kwenda Walikale ni udongo mwekundu, madaraja ya magogo na vizuizi ambapo kila mwenye bunduki anataka kujua ndani ya kisanduku kuna nini. Nikisema "damu", kwa kawaida walinipisha upesi.

Ni kwenye kazi hiyo ndipo nilipoanza kubeba damu za wanaume wenye ugonjwa wa tezi dume.

Tezi dume ni tezi ndogo, kama tunda la mti wa pera lililo changa, inayokaa chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanaume anayo. Ikivimba, mkojo unatoka kwa shida. Na wakati mwingine ndani yake huota saratani. Kuna kipimo kinachoitwa PSA, kitu ambacho tezi hiyo hukimwaga katika damu. Kikipanda sana, daktari anaanza kushuku. Na kuna kipimo cha pili, cha testosteroni, homoni ya kiume, ile inayotengenezwa zaidi na korodani na kumpa mwanaume ndevu, sauti na hamu. Hivi viwili nilivibeba pamoja miezi mingi bila kujua vinahusianaje, mpaka nikachoka kutojua. Nikamwendea Daktari Mkuu.

Daktari Mkuu wetu alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, aliyekula maandazi akiwa amesimama. Alinipa dakika tano zikawa saa nzima.

"Sikiliza," alisema. "Saratani ya tezi dume inakula testosteroni. Ukiishusha ile homoni, ugonjwa unakosa chakula, unalala. Unaweza kuishusha kwa kisu, ukatoa korodani. Ao unaweza kuishusha kwa sindano ya kila miezi mitatu, ambayo inadanganya ubongo mpaka unaacha kuzituma korodani kazi. Siku za kwanza homoni inapanda kidogo, kwa hiyo tunatoa na vidonge. Kisha inaanguka. Ikifika chini kabisa tunasema mgonjwa amefika kiwango cha kuhasiwa."

Neno hilo nililijua. "Dokta, Nyamitaba nilihasi mafahali kwa koleo. Zaidi ya mia."

"Basi unaelewa kuliko wanafunzi wangu."

Nikamwuliza jambo lililosemwa sana Kashuga, kwamba ugonjwa huu unawapata wanaume wenye nguvu nyingi na wanawake wengi, ndiyo sababu wanaume walioupata walikuwa wakificha. Alitikisa kichwa mpaka maandazi yakamwaga sukari. Kadiri wanavyojua, alisema, mwenye homoni ya juu hapati ugonjwa huu kuliko mwenye homoni ya wastani. Homoni haianzishi ugonjwa. Lakini ugonjwa ukishakuwepo, homoni inaulisha. "Waambie hivyo huko uendako. Wanaume wanakufa kwa haya."

Nikawaambia. Wengi walinicheka, lakini walisikia.

Sasa nimtaje Papa Musombwa, kwa sababu bila yeye nisingeandika. Anatoka kijiji kimoja cha msituni, mwendo wa nusu siku kutoka machimbo ya Omate. Wakati nachimba pale nilishikwa na homa, wenzangu wakashuka shimoni wakaniacha, na yeye, aliyekuja kuuza nyama tu, akanibeba hadi kwake. Mke wake alininywesha uji wiki tatu. Ni mkulima, ni Mkristo anayeimba sauti ya chini kanisani, na pia ndiye mzee wa nyavu wa ukoo wake: wawindaji hawaingii msituni kabla hajashika nyavu na kuzisemea maneno ambayo baba yake alimwachia.

Siku moja nilimkuta kwenye baraza ya hospitali yetu, ameshika kiuno, amekonda. Alipelekwa Goma. Wakakuta saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya kiuno. Aliporudi, Daktari Mkuu alimweka kitako, nami nikaitwa kutafsiri maneno magumu. Mdogo wake, Safari, alikuwepo pia.

Daktari Mkuu alieleza njia mbili, kisu na sindano. Papa Musombwa alisikiliza hadi mwisho.

"Dokta, mie njo nashika nyavu," akasema. "Muntu iliyohasiwa kwa kisu haiwezi kusimama mbele ya nyavu. Kama iko kisu tu, nitarudi kwetu nife na vitu vyangu."

"Na sindano?"

"Sindano inaingiza. Haikate kitu. Sindano nakubali."

Mradi mmoja wa kanisa ulikuwa ukileta sindano hizo, kwa hiyo ikawezekana. Daktari Mkuu akaweka sharti: kila miezi mitatu damu ipimwe, ili tujue kama homoni imeshuka. Ikikataa kushuka, itabidi kisu kizungumzwe tena.

Utaratibu ukawa hivi. Titileri, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya kilicho karibu na Omate, alimdunga sindano. Wiki chache kabla ya sindano ya pili ilipangwa siku ya damu, asubuhi mapema, kwa sababu testosteroni huwa juu zaidi asubuhi. Titileri alitoa damu, akaizungusha katika mashine ya mkono, ile ya kuzungusha mpini kama unasaga, akaweka seramu kwenye barafu. Mimi nilifika mchana, nikasaini fishi, ile karatasi inayosafiri na kichupa, nikaondoka. Kwenye fishi kulikuwa na mstari unaosema: "Mgonjwa ametambuliwa." Niliweka alama hapo. Nilifika mchana, mgonjwa alikwisha kurudi kwake, na titileri yule alikuwa kijana mgeni aliyehamishwa kutoka mbali, hamjui mtu. Lakini niliweka alama. Mara tatu.

Majibu ya kwanza yaliporudi, Daktari Mkuu alifurahi kisha akakunja uso. PSA ilikuwa chini, chini kuliko alivyotumaini. Lakini testosteroni ilikuwa juu, kama ya kijana wa miaka ishirini, alisema, ambaye hajawahi kuona sindano. Akaagiza kipimo kirudiwe. Miezi mitatu baadaye yakawa vilevile, na mara ya tatu vilevile.

"Sindano haimshiki," aliniambia, karatasi tatu zimepangwa mbele yake. "Nimemwuliza titileri, anaapa anadunga. PSA bado iko chini, lakini homoni ikiwa juu hivi, ugonjwa utaamka na utaamka vibaya. Nimeshamwandikia chumba cha upasuaji, wiki ijayo. Wewe unamjua. Nenda umlete."

Nilitoka nje nikakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Mwezi uliopita nilikuwa nimekutana na Papa Musombwa sokoni. Alinilalamikia kwamba anawaka joto ghafla, jasho linamtoka kifuani hata mvua ikinyesha, kwamba chuchu zinamuuma, na kwamba mke wake amekuwa kama dada yake. Alisema na kucheka kwa aibu. Mimi nilihasi mafahali zaidi ya mia. Fahali akihasiwa shingo inalegea, hapigani tena, ananenepa matako. Huwezi kuhasiwa mwilini halafu ukawa fahali kwenye damu. Kimoja kati ya hivyo viwili, mwili au karatasi, kilikuwa kinasema uongo, na mwili wa Papa Musombwa nilikuwa nimeuona kwa macho.

Nikarudi ndani.

"Dokta, samahani. Yule mzee anatoka jasho. Kifua kinamuuma."

Aliinua kichwa. "Nani alikuambia?"

"Yeye. Sasa mie nauliza tu: muntu anaweza kuwa na homoni ya juu namna ile na akatoka jasho la kuhasiwa?"

Alichukua karatasi ya tatu, akaitazama kama ameiona sasa hivi. "Hapana," akasema. "Haiwezekani kirahisi." Kisha: "Unanifundisha kazi?"

"Hapana, Dokta. Nauliza."

"Nenda. Chukua damu tena, na umtazame uso wakati inatoka. Upasuaji utangoja mpaka urudi, hautangoja zaidi."

Nilifika kwake siku ya pili, alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ya msitu imeshuka, lakini Papa Musombwa alikuwa amekaa barazani kifua wazi, anajipepea kwa jani la mgomba. Safari alikuwa karibu naye, anashona wavu uliokatika. Nikapewa kiti, nikapewa ndizi. Nilipomaliza kula nikauliza.

"Papa, ile damu ya mwezi jana, walikutoa mkono gani?"

Papa Musombwa alimtazama Safari. Safari alitazama wavu.

"Wa kushoto," akajibu Safari.

"Sikukuuliza wewe, kaka."

"Mie njo najibu, juu mkono ilikuwa ya kwangu."

Kisha Papa Musombwa akaweka jani chini na kunieleza mwenyewe, bila kunificha. Damu ya mzee wa nyavu haiachwi mahali pasipojulikana. Akijikata kwa panga, damu inapanguswa kwa jani, na mtu wa nyumba yake analizika jani hilo. Wanyama wananusa, na damu iliyopotea inawapeleka wawindaji njia isiyo yao. Alipokuwa Goma maumivu yalikuwa yamemlaza, walimtoa damu hata hakujua ni ngapi. Msimu ule nyavu zilirudi tupu. Mtu mmoja alipotea msituni siku nne. Watu hawakumlaumu kwa mdomo, lakini alijua walichokuwa wanafikiri.

"Sindano niliipokea, wewe unajua," alisema. "Lakini ya kutoa, hapana. Safari akasema atatoa yeye. Tulitoka tumbo moja, tulinyonya ziwa moja. Tukaona damu ni ileile."

"Na titileri?"

"Aliita tu, 'Papa Musombwa!'" alisema Safari. "Mie nikasimama. Alikuwa na haraka, hakuuliza."

Nilihisi aibu imenipanda masikioni. Titileri aliita jina badala ya kuliuliza, nami nilisaini kwamba nimemtambua mtu ambaye sikumwona. Nikawaambia ukweli wote: kwamba karatasi zinasema homoni imekataa kushuka, kwamba Daktari Mkuu ameandika chumba cha upasuaji, kwamba nilitumwa nimlete.

Papa Musombwa alipangusa jasho. "Kwa hiyo wanataka kunihasi juu ya damu ya Safari."

"Ndiyo, Papa. Na saini iliyo kwenye karatasi ni ya kwangu."

Safari alikuwa ameacha kushona. "Ngoja kwanza. Dokta alisema nini juu ya ile damu? Ile yangu."

"Alisema iko ya kijana wa miaka makumi mbili."

Safari ana miaka hamsini na kitu. Alikaa wima. Akaita kuelekea jikoni: "Mama Furaha, umesikia vile dokta anasema?"

"Nimesikia," alijibu mke wake. "Basi ile kijana ikuje ipasue kuni."

Papa Musombwa alicheka hadi akashika kiuno, na kicheko hicho kilitusaidia sote. Akanigeukia. "Sasa niambie. Damu ikitoka hapa inaenda wapi?"

Nilikuwa nimebeba damu miaka zaidi ya kumi na hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi, niliyeuliza kila kitu, sikuwahi kufikiri kwamba mwenye damu angetaka kujua. Nilimweleza njia yote. Sindano, kichupa chekundu, kuganda, kuzungushwa, kisanduku, pikipiki, Kashuga, Goma, mashine inayonyonya matone machache. Yanayobaki yanawekwa kwenye ndoo yenye alama, na ndoo inapelekwa kwenye tanuru.

"Moto?"

"Moto. Mpaka majivu."

"Nani anaona?"

"Mfanyakazi wa tanuru."

"Haiko wa nyumba yangu."

"Hapana, Papa. Haiko wa nyumba yako."

Alifikiri. Mvua ilipungua. Safari ndiye aliyesema kwanza: "Mie naenda nayo. Nitakaa nyuma ya moto, nitaona vile inaungua, nitarudi kusema."

"Mpaka Goma?" nikauliza.

"Nilitoa mara tatu bure. Mara moja ya kutembea haitaniua."

Asubuhi iliyofuata, kituoni, nilisimama pembeni ya kiti. Nilimwomba titileri anyamaze. Papa Musombwa akataja jina lake, kijiji chake, na jina la mama yake, nikaandika, ndipo akanyoosha mkono. Damu ilitoka. Tone lililobaki kwenye ngozi Safari alilipangusa kwa pamba, akaikunja ile pamba, akaitia katika kisanduku pamoja na kichupa, na mimi nikaruhusu.

Mwendo wetu ulichukua siku mbili. Safari alishika kisanduku mapajani na hakukubali kukiweka chini hata kwenye kizuizi. Askari alipouliza kuna nini, alijibu kabla yangu: "Kaka yangu iko ndani." Ilinibidi nitoe maelezo marefu sana.

Labo ya Goma hawakuzoea ndugu wa mgonjwa kusimama mlangoni. Nilizungumza na mkubwa wao, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alikuwa mwanamke mwenye subira. Alisema hawezi kumpa mtu mabaki ya damu, sheria inakataza, ila hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama tanuru kwa mbali. Safari alitazama. Alisimama pale hadi moshi ukaisha, kofia mkononi, kisha akasema: "Sawa. Nimeona."

Majibu tuliyapeleka wenyewe Masisi, katika bahasha iliyofungwa. Kilomita zote zile sikujua nimebeba nini. Kama homoni ingekuwa juu kweli, kisu kilikuwa kinangoja, na Papa Musombwa alikwisha kusema angefia kwao. Papa Musombwa mwenyewe alikuwa ameshuka kwa lori la mbao na alikuwa ametutangulia. Tulimkuta amekaa ofisini kwa Daktari Mkuu, shati limelowa jasho.

Daktari Mkuu alifungua, akasoma, akatoa pumzi. Akanisukumia karatasi. "Soma wewe. Wewe ndiye uliyesaini zile tatu."

Nikasoma. Testosteroni chini kabisa, kiwango cha kuhasiwa. PSA haikuwa chini kama ya Safari, lakini ilikuwa imeanguka sana kutoka pale ilipoanzia. Sindano ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

"Soma tena," alisema Papa Musombwa.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo kisu?"

"Hakuna kisu," alisema Daktari Mkuu.

Papa Musombwa alikunja mikono yake miwili juu ya meza, ile mikono inayoshika nyavu, akaitazama, na machozi yakachanganyika na jasho hata usingeweza kutenganisha. Safari alitazama dirishani. Daktari Mkuu alijifanya anatafuta kalamu.

Kisha akamgeukia Safari. Alimwambia kwamba bila kukusudia amepimwa mara tatu, na yuko vizuri; lakini ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa huyu yuko kwenye hatari kuliko watu wengine, kwa hiyo aje kila mwaka kwa jina lake. Na alimwambia jambo ambalo Safari hakulipenda: kwamba ile kijana ya miaka makumi mbili ilikuwa karibu imkate kaka yake.

Mimi niliitwa peke yangu siku iliyofuata. Sitaandika yote. Aliniambia, "Ulinisaidia kwa kichwa, lakini uliniharibia kwa kalamu. Kichwa hakifuti kalamu." Nilinyang'anywa pikipiki miezi mitatu, nikarudi kuosha vioo, na nilistahili. Titileri naye alikemewa, ila sikusikia furaha yoyote katika hilo. Alikuwa kijana na alinifuata mimi mkubwa wake.

Niliporudi barabarani nilikuwa na kazi nyingine juu ya ile ya zamani. Kila niliyemchukulia damu nilimweleza inaenda wapi na inaishia wapi, hata asipouliza. Wengine walisema hawana haja. Lakini wazee wawili upande wa Walikale na mama mmoja wa Nyamitaba walitaka mtu wao aende akaone moto, na Shefu wa Labo mpya akakubali, na hatukupata tena karatasi inayopingana na mwili.

Nilistaafu mwaka jana. Waliniandalia soda na keki. Mama yangu angeshangaa kuona mtu amenifanyia sherehe ya kutoondoka mahali. Vijana wanaoshika kazi yangu sasa wana simu zinazopiga picha za fishi na barafu ambayo haiyeyuki siku tatu. Nawaonea wivu kidogo. Ninalowaomba ni dogo: kabla hujaweka alama mahali pameandikwa "ametambuliwa", uwe umemtambua. Mimi niliweka alama tatu kwa haraka ya kutangulia mvua, na alama hizo zilikaribia kumtoa mtu kwenye nafasi yake mbele ya watu wake.

Daktari Mkuu hakunificha kwamba siku moja ugonjwa ule unaweza kujifunza kuishi bila homoni, na hapo sindano haitatosha. Papa Musombwa anajua pia. Lakini siku hiyo haijafika, na imepita miaka sita.

Juma lililopita alinipigia simu. Nilisikia watu wengi nyuma yake, na mbwa, na sauti ya Safari anagombana na mtu juu ya kamba. Walikuwa wanajiandaa kuingia msituni.

"Wee," akasema, "hii joto yenu. Nimeshika nyavu, nasema maneno, jasho inanitoka mpaka bandugu bananicheka. Wanasema mzee anachemka."

"Pole, Papa."

"Usiniambie pole. Niambie itaisha lini."

"Ikiisha, Papa, unipigie siku ileile. Mimi nitaogopa."

Akaelewa: siku jasho litakapokauka, sindano itakuwa imeacha kumshika. Kisha nikamsikia akicheka, na kumwambia mtu aliyekuwa karibu naye amletee jani la kujipepea.